Ziwa likifungwa, mvuvi mzee aulizwe

Mei 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika hadi Agosti 15, kutekeleza makubaliano yake na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, nchi inazochangia nazo ziwa hilo. Kila usitishaji huo unapozungumzwa, sauti zinazosikika ni mbili: ya ofisa anayetaka samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na ya kijana mwenye deni la mashine ya mtumbwi anayeuliza familia yake itakula nini. Mvuvi mzee, ambaye kwake msimu unaofungwa huenda ukawa wa mwisho, haulizwi kitu. Anaonekana kama mtu aliyekwisha kumaliza yake. Hapo tunakosea. Bila kumbukumbu yake hatutajua kama ziwa limepona au limepumua tu.

Sababu ilielezwa mwaka 1995 na mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly: kila kizazi huichukulia hali kiliyoikuta mwanzoni mwa kazi kuwa ndiyo ya kawaida, kisha kikapima upungufu kuanzia hapo. Aliwalenga wanasayansi wenzake, lakini maneno yake yanaingia mialo ya Kibirizi na Katonga, mkoani Kigoma, bila kupiga hodi. Kijana aliyeanza kuvua juzi anajua dagaa na migebuka, basi. Sangala wakubwa walipungua sana baada ya meli za uvuvi wa kibiashara kuanza kazi ziwani katika miaka ya 1950. Kwa kijana huyo kuwakosa si hasara, kwa kuwa hakuwahi kuwategemea. Mzee aliwakuta wakipungua, na aliwasikia waliomtangulia wakisimulia walivyokuwa.

Watasema wazee hutia chumvi, kwamba enzi zao kila kitu kilikuwa kikubwa. Ni kweli, ukimuuliza mtu ziwa lilikuwaje atakujibu kwa hisia, kwa hiyo asiulizwe hivyo. Aulizwe alipiga kasia kwa muda gani kabla ya kuwasha karabai. Mtumbwi ulibeba taa ngapi. Tundu la wavu lilipitisha kidole gani. Mgebuka wa kawaida alienea kwenye beseni au mkia ulitokeza nje. Wazee wa mialo tofauti, wasiokaa baraza moja, wakitoa majibu yanayokaribiana, huo ni ushahidi. Watasema pia: penye wazee haliharibiki neno, mbona hili limeharibika wakiwapo? Baadhi yao walikokota makokoro yaliyozoa hata samaki wachanga. Basi hao ndio mashahidi wazuri zaidi, maana wanajua ufukwe upi ulikokotwa, miezi ipi, na samaki gani alianza kuadimika. Tunatafuta ushahidi, si mtu wa kumvika nishani.

Pingamizi zito zaidi linatoka maabara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa ongezeko la joto limepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini. Virutubisho vilivyolala kwenye kina havipandi kama zamani, na uzalishaji wa mimea midogo ambayo ndiyo msingi wa chakula cha samaki ulikadiriwa kushuka kwa takriban asilimia 20. Mwingine wa mwaka 2016, uliosoma tabaka za tope la sakafu ya ziwa, uliona samaki wakipungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza. Kama mkosaji ni joto, kumzuia mvuvi kuna faida gani? Faida ipo: ziwa linalozaa kidogo halistahimili kuvunwa kama lilipozaa sana, na joto haliko mikononi mwa watu wa Kigoma, wavu uko. Zaidi ya hapo, tafiti hizo zinaongeza haja ya kumsikiliza mzee. Upepo wa kusini wa kiangazi ndio unaosukuma maji na kuinua virutubisho, na huvuma katika miezi hiyo hiyo ya kufungwa. Aliyeishi nao miaka hamsini anaweza kueleza kama bado unaanza na kukoma kama zamani, na dagaa walikuwa wakiongezeka muda gani baada yake.

Kumsikiliza mzee hakuwashibishi wanaokosa kipato: vibarua wanaolipwa kwa usiku, na kina mama wanaoanika dagaa kwenye chanja. Hilo ni deni la Serikali, na daftari la kumbukumbu za wazee haliwezi kulilipa. Lakini ziwa likifungwa, mialo hutulia na watu hupata wasaa wa kukaa chini. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) waandike, wamsomee mzee alichosema asahihishe, kisha waweke maelezo yake pamoja na takwimu za mavuno. Maana siku ya kufungua, mitumbwi yaelekea itarudi imejaa: samaki walioachwa miezi mitatu wamelundikana, na dagaa hukua upesi. Picha za beseni zilizofurika zitasambaa, na kijana ataamini kazi imekwisha. Shehena ya siku ya kwanza ni hesabu ya samaki waliolimbikizwa tu. Kupona kwa ziwa kutaonekana miaka kadhaa mbele, kwenye ukubwa wa mgebuka, na wa kuupima ni yule anayejua ulikuwaje. Akiondoka kabla ya kuulizwa, tutakuwa tunafunga na kufungua ziwa bila kujua tunataka kulirudisha wapi.