Jasho halitoi sukari

Swali hili nimeulizwa kliniki mara nyingi mno, na leo naliandikia ili tumalizane nalo: "Daktari, nifanye zoezi gani la kutoa jasho jingi, sukari itoke?" Anayeuliza mara nyingi ni mtu aliyesoma. Ana mashine ya kupima sukari nyumbani, dawa zake anameza kwa wakati, na mazoezi anayataka kwa moyo wote. Ila kuna mtu amemwaminisha kwamba sukari na presha hutokea kwenye ngozi, na sasa anapima faida ya mazoezi kwa jinsi fulana ilivyolowa.

Sukari haitoki na jasho. Jasho ni maji na chumvi, na sukari iliyomo ni kidogo mno: ndoo ya lita 20 iliyojaa jasho haikupi hata kijiko kimoja cha chai cha sukari. Mwili hutoa jasho ili ujipoze. Linapokauka juu ya ngozi, huondoka na joto, na kazi yake inaishia hapo. Maji ya rejeta yakipungua, hakuna dereva anayesema ndiyo petroli aliyochoma.

Mtazame abiria wa daladala la Mbagala mchana wa Februari, amesimama kwenye foleni, shati limemganda mgongoni. Misuli yake haifanyi kazi ya maana, na kulowa kule hakumpunguzii sukari. Halafu mtazame mama anayelima Njombe asubuhi ya Juni, baridi imekaza, kipaji cha uso kikavu. Huyo wa pili ndiye anayetumia sukari, tangu jembe la kwanza.

Sukari ya kwenye damu huingia kwenye misuli. Kwa kawaida insulini ndiyo inayoifungulia njia, na mwenye kisukari cha aina ya pili ana shida hasa hapo: insulini ipo, ila mwili hauitikii inavyopaswa. Lakini msuli unaofanya kazi una njia yake ya kuvuta sukari, haungoji insulini. Ukishapumzika, huendelea kuipokea insulini vizuri zaidi kwa siku moja hadi tatu. Ndiyo maana tunasisitiza usipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Hili ndilo jambo zuri kuliko yote ninayoweza kumwambia mgonjwa wa sukari, na linanikera kuona linafunikwa na habari za jasho.

Imani hii ina madhara, na ndiyo sababu sina subira nayo. Alfajiri kwenye Daraja la Tanzanite na kule Coco Beach utaona watu wazima wanatembea na makoti mazito, wengine wamejizungushia nailoni tumboni ndani ya fulana. Pwani hewa ina unyevu mwingi na jasho halikauki vizuri hata ukivaa nguo nyepesi. Ukilifungia ndani ya nailoni, mwili unapika joto lisilo na pa kutokea, moyo unakwenda mbio kupeleka damu kwenye ngozi, na mtu anachoka kabla misuli ya miguu haijafanya kazi iliyomtoa nyumbani. Mizani itaonyesha amepungua kilo moja. Ni maji. Yatarudi kabla ya chakula cha mchana, na yanapaswa kurudi.

Mzee mmoja aliletwa na mwanawe moja kwa moja kutoka mazoezini, koti bado mwilini. Akiwa amekaa, presha ilisoma 128 kwa 76. Nikamwomba asimame: 94 kwa 58, akashika ukingo wa meza. Sukari ilikuwa 14.2, na kabla ya kutoka nyumbani alikuwa ameipima ikawa 11. "Mzee wangu, maji umekunywa?" "Hapana daktari. Nikinywa si nitarudisha nilichokitoa?" Alikuwa anatumia dawa ya presha ya kutoa maji mwilini, ile inayomfanya mtu aende msalani mara kwa mara, kisha akaongeza upungufu mwingine kwa koti. Damu inapopungukiwa maji, sukari iliyomo inasoma juu zaidi, na presha inaporomoka mtu anaposimama. Wapo wanaoanguka bafuni namna hiyo na kuvunjika nyonga. Anayetumia dawa za presha kama enalaprili au losartani anahatarisha na figo.

Kuhusu presha, watetezi wa jasho hunijibu kwamba jasho lina chumvi, na chumvi ndiyo adui. Chumvi imo kweli. Lakini mwili ukipungukiwa maji, figo huanza kuzuia maji na chumvi, na mishipa hujibana. Mazoezi hushusha presha kwa njia tofauti: mishipa inalegea, na baada ya matembezi mazuri presha hukaa chini kwa saa kadhaa. Ukidumu nayo, namba ya juu hushuka kwa pointi 5 hadi 8, karibu sawa na kazi ya kidonge kimoja, bila koti wala nailoni.

Hatari kubwa zaidi ndiyo isiyosemwa kabisa. Jasho la ghafla, la baridi, ni dalili ya sukari kushuka kupita kiasi. Mtumiaji wa insulini, au wa vidonge vya sukari kama glibenklamidi na gliklazidi, anaitegemea dalili hiyo. Kama anatumia pia dawa za presha kama atenololi au propranololi, moyo kwenda mbio na kutetemeka vinaweza visitokee, na jasho likabaki kuwa onyo lake kuu. Sasa mtu huyo amejifunga nailoni, amelowa tangu kichwani, na kila tone analifurahia kwamba sukari inatoka. Ataitambuaje ikishuka hadi 3? Anaendelea kutembea mpaka anapepesuka, na wapita njia wanadhani amelewa.

Kujifukiza na mikanda ya tumbo inayouzwa barabarani vimo kwenye kapu hilohilo. Sivijadili kimoja kimoja.

Cha kufanya ni hiki. Tembea haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini usiweze kuimba, jumla ya dakika 150 kwa wiki, uzigawe upendavyo. Dakika kumi au kumi na tano baada ya kula zina faida kubwa. Mara mbili kwa wiki fanya kazi ya nguvu: kukaa na kuinuka kwenye kiti, kusukuma ukuta, kunyanyua madumu madogo ya maji, huku ukipumua, kwa sababu ukibana pumzi presha hupanda. Kazi za nyumbani zinahesabika zikikufanya uheme. Ukikaa ofisini, inuka kila nusu saa. Vaa nguo nyepesi, kunywa maji. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu achana navyo. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, leo usifanye, nenda ukaonwe. Sukari ikiwa chini ya 5 na unatumia insulini au vidonge vya sukari nilivyovitaja, kula ndizi kwanza. Ikizidi 16 na hujisikii vizuri, ahirisha. Tembea na pipi au glukosi mfukoni. Daktari wa macho akikuambia mishipa ya jicho inavuja, usinyanyue vizito wala kuruka mpaka atibu. Maumivu ya kifua, simama hapohapo, nenda hospitali. Dawa usiache kwa sababu umeanza mazoezi; anayekutibu ndiye atakayepunguza dozi, akiona vipimo.

Na viatu: vya kufunika vidole, visivyobana, pamoja na soksi, hata ufukweni kwenye mchanga laini. Ganzi ya miguu haikuambii umekanyaga mwiba. Ukirudi, kagua nyayo na katikati ya vidole. Ukiona lengelenge usilitumbue. Njoo kliniki siku hiyohiyo.