Mzunguko Ndani ya Mzunguko: Zoezi la Programu kutoka Shambani Mlali

Mkulima wa Mlali, katika Wilaya ya Kongwa, ana msimu mmoja tu wa kupanda kwa mwaka. Mvua za Dodoma aghalabu huanza kushika mwezi wa Desemba na kukoma Aprili, nazo si nyingi. Kwa hiyo, kabla ya kutia jembe ardhini, hapana budi ajue atahitaji mbegu kiasi gani. Akinunua chache, mistari ya mwisho itabaki mitupu na mvua haitamngoja. Akinunua nyingi mno, fedha ya chakula itakuwa imekwenda bure. Hesabu hiyo yafaa sana kumfundishia mwanafunzi jambo linalowatatiza wengi wanaoanza kuandika programu za kompyuta, nalo ni mzunguko uliomo ndani ya mzunguko mwingine.

MZUNGUKO NI NINI?

Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza moja baada ya jingine. Mzunguko ni sehemu ya maagizo hayo inayorudiwa mpaka sharti fulani litimie. Mpandaji afuataye kamba hufanya vivyo hivyo: huchimba shimo, hutia mbegu mbili, hufukia, kisha husogea mbele. Hurudia kazi hiyo mpaka mwisho wa kamba. Huo ni mzunguko wa ndani. Afikapo mwisho, huhamisha kamba hadi mstari unaofuata, na kazi ya mashimo huanza tena upya. Huo ni mzunguko wa nje. Kila mara mzunguko wa nje unapopiga hatua moja, mzunguko wa ndani hukamilika wote.

Tuseme shamba la majaribio lina mistari 3, na kila mstari una mashimo 4. Programu ya kuhesabu mbegu yaweza kuandikwa hivi:

1. Jumla iwe 0.
2. Mstari uwe 1.
3. Shimo liwe 1.
4. Ongeza 2 katika jumla.
5. Ongeza 1 katika shimo. Ikiwa shimo halijazidi 4, rudi hatua ya 4.
6. Ongeza 1 katika mstari. Ikiwa mstari haujazidi 3, rudi hatua ya 3.
7. Andika jumla.

Jumla, mstari na shimo ni majina ya visanduku vitatu katika kumbukumbu ya kompyuta, na kila kisanduku hubeba namba moja kwa wakati mmoja. Mwanafunzi asiye na kompyuta aweza kuchora visanduku hivyo kwenye karatasi, akafuata hatua kwa kidole, akifuta namba ya zamani na kuandika mpya. Mstari wa kwanza ukiisha, jumla itakuwa 8. Wa pili, 16. Wa tatu, 24. Hatua ya 4 itakuwa imetekelezwa mara 12, yaani 3 mara 4.

TARAKIMU MOJA INAVYOHARIBU KAZI

Agizo la hatari zaidi katika programu hiyo ni hatua ya 6. Mwanafunzi akikosea akaandika "rudi hatua ya 4" badala ya hatua ya 3, kisanduku cha shimo hakitarudishwa kuwa 1. Mstari wa kwanza utapandwa sawasawa, lakini katika mstari wa pili na wa tatu litahesabiwa shimo moja moja tu. Jibu litakuwa 12, nalo litaandikwa bila onyo lolote. Akiandika "rudi hatua ya 2", mambo yatakuwa mabaya zaidi. Kila mstari unapoisha, kisanduku cha mstari kitarudishwa kuwa 1. Hakitazidi 3 kamwe, na programu haitakoma.

Shamba la kweli laonyesha uzito wa kosa hilo. Kiwanja cha mita 30 kwa mita 30, chenye nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 60 kati ya mashimo, huwa na mistari 40 hivi yenye mashimo 50 kila mmoja. Kwa mbegu 2 kila shimo, jibu sahihi ni 4,000. Programu yenye kosa la kwanza itajibu 178. Mkulima mzoefu atalitilia shaka jibu hilo mara moja. Lakini karani aliye mbali, anayekusanya hesabu za mashamba 100, huenda asilione.

Hii ndiyo sababu programu hujaribiwa kwanza kwa mistari 3 na mashimo 4, ambapo jibu laweza kuhakikishwa kwa punje za mahindi juu ya meza, kabla ya kukabidhiwa mashimo 2,000. Wilaya ya Kongwa ina ushahidi wake wa kale juu ya jambo hilo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mpango mkubwa wa kulima karanga, uliokusudiwa kuenea katika ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianzishwa kwa kiwango kikubwa bila kufanyiwa kwanza jaribio dogo la kutosha. Udongo ulikauka ukawa mgumu, mvua hazikutegemeka, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Shamba dogo la majaribio lingeyaonyesha mengi ya hayo kwa gharama ndogo.

MENYU NAYO NI MZUNGUKO

Hesabu ikisha kusahihishwa, mwanafunzi aweza kuiweka ndani ya menyu, yaani orodha ya kazi ambamo mtumiaji huchagua kwa tarakimu:

1. Ingiza ukubwa wa shamba
2. Hesabu mbegu
3. Chora shamba
0. Toka

Watu wengi wameizoea menyu ya namna hii bila kuijua kwa jina hilo. Tangu mwaka 2008, huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania, mwenye simu ndogo ya vitufe hubonyeza nyota, tarakimu na reli, naye huletewa orodha ya kuchagua. Chaguo moja hufungua orodha nyingine, na hiyo nyingine tena.

Menyu ni mzunguko wa nje kupita yote: huonyesha orodha, hupokea tarakimu, hufanya kazi iliyochaguliwa, kisha hurudi kuonyesha orodha. Sharti la kukoma ni tarakimu 0. Mtu akibonyeza 7, ambayo haimo, programu haina budi kumwambia hivyo na kumrudisha kwenye orodha. Tena, mtu aweza kuchagua 2 kabla ya 1, visanduku vya ukubwa vikiwa bado vina 0. Programu iliyoandikwa hapo juu huongeza kwanza, ndipo ikauliza. Basi itajibu kwamba shamba lisilo na shimo hata moja lahitaji mbegu 2. Dawa ni kuhakikisha, kabla ya hatua ya 1, kwamba ukubwa umeingizwa.

Chaguo la 3 laachwa liwe zoezi la msomaji. Picha inayotakiwa ni hii:

o o o o
o o o o
o o o o

Agizo la kuandika "o" limo katika mzunguko wa ndani. Je, agizo la kuanza mstari mpya liwekwe wapi? Likiwekwa ndani pamoja na "o", alama 12 zitashuka wima kama nguzo. Likisahauliwa kabisa, zote zitalala katika mstari mmoja. Mpandaji wa Mlali analijua jibu, kwa kuwa hahamishi kamba kila baada ya shimo, wala haiachi mahali pamoja siku nzima. Mwanafunzi na ajiulize kila mara anapoandika agizo: hili ni la kila shimo, la kila mstari, au la shamba zima? Akijibu sawasawa kwa karatasi na kalamu, kompyuta itakapopatikana haitamshinda.