Je, Wajua? Nondo Anayesoma Nyota

Septemba inapofika, nondo wa bogong wa Australia huanza kuruka usiku, wengine hadi kilomita 1,000, kuelekea milima ya kusini-mashariki ambako hawajawahi kufika. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba huongozwa na usumaku wa dunia. Mwaka 2025 ikabainika kuwa husoma nyota pia. Na ubongo wenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele!

Kiangazi hukipitisha mapangoni, wamebanana hadi 17,000 katika mita moja ya mraba, wametulia tuli. Miili yao imejaa mafuta, ndiyo maana wenyeji wa asili waliwachoma wakawala: jiwe la kusagia kutoka Pango la Cloggs lina mabaki yao ya miaka 2,000 hivi.

Ukame wa 2017 hadi 2019 uliwafyeka wengi wao.