Dawa Pekee Haimrudishi Mtu Kwao

Bonde la Kilombero lasifiwa kwa mpunga na miwa. Leo sisi twapenda kulitaja kwa jambo jingine: huko twaona wazi kazi ya ustawi wa jamii ni kazi gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dk. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika milima iliyo ng'ambo ya mto ukitoka Ifakara. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wasiokula chombo kimoja na jamaa zao, kwa kuwa watu waliamini kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Wengine walikuwa na makovu ya moto, maana walianguka mekoni. Dawa alizowapa zilipunguza kuanguka huko. Lakini kidonge hakimkaribishi mtu kwenye sinia.

Hapo ndipo kazi ya ustawi wa jamii inapoanza. Wakoloni, baada ya Vita Kuu ya Pili, waliielekeza zaidi mijini, wakajenga nyumba za ustawi kwa ajili ya askari waliorudi vitani. Vijijini mzigo ukaachiwa ukoo na misheni. Nchi huru ilitunga sheria mwaka 1973 kuanzisha chuo cha ustawi wa jamii Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba kazi hii si sadaka. Ni taaluma yenye masomo na miiko.

Mitatu katika miiko hiyo yatupasa kuishika sote: kuheshimu utu wa kila mtu, kutunza siri yake, na kutomwamulia mambo yake bila kumsikiliza.

Ndugu zetu wa Ifakara, Mlimba na Malinyi, kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa povu. Balozi wa shina anayemtaja mgonjwa mkutanoni amemwumiza, ijapokuwa nia yake ni njema. Naye ajuaye kuwa yupo mtoto aliyefichwa ndani, akanyamaza kwa kuogopa majirani, amemwacha karibu na moto. Njia iliyo sawa ni kusema na wazazi faraghani, kuwaongoza zahanati na kwa afisa ustawi wa jamii, kisha kuwa wa kwanza kula na mtoto huyo sinia moja.

Daraja la Kilombero limetuondolea taabu ya kivuko. Woga wa kifafa hauna mtu wa kutuondolea ila sisi wenyewe. Na tuanze katika mashina yetu.