Sizoni ya Gereza la Wanawake Ambayo Bado Hatujaiandika

Kwenye vibanda vya kuwekea muvi, Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa, mteja halazimiki kujua jina la kazi anayoitaka. Anatoa flashi, anasema, "Niwekee sizoni ya jela," na kijana mwenye kompyuta anajua folda ya kufungua. Kwa miaka mingi folda hiyo imekuwa ya Prison Break, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2005. Michael Scofield na ramani yake ya tatuu alikuwa steringi wa mabweni ya shule, vijiwe na saluni kuanzia Kyela hadi Mafinga.

Wengi husahau kwamba hadithi ile ilikuja kuhamia kwenye jela ya wanawake. Katika The Final Break, ya mwaka 2009, Sara Tancredi anakamatwa siku ya harusi yake akiwa mjamzito. Huko ndani anakuta dau limewekwa juu ya kichwa chake, na mumewe, Michael, anakufa akimtorosha. Watu walilia. Lakini ukimuuliza aliyelia ni nini alichokiona kuhusu maisha ya mfungwa wa kike, atakutajia visu, sumu na umeme wa mlangoni. Vingine vyote vilipita haraka, kwa sababu kazi yenyewe haikuwa na muda navyo.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo, kwa kuwa naamini sehemu kubwa ya picha tuliyo nayo kuhusu wanawake walioko magerezani tumeitoa kwenye flashi. Gereza Kuu la Ruanda liko ndani ya jiji la Mbeya, jirani kabisa na makazi ya watu. Iringa nayo ina gereza lake. Jina la Magereza linatajwa mitaani kila wiki ya ligi, kwa sababu ya Tanzania Prisons, Wajelajela, wanaocheza Uwanja wa Sokoine. Mwaka 2018 nchi nzima iliisikia Ruanda pale Joseph Mbilinyi, Sugu, wakati huo mbunge wa Mbeya Mjini, alipohukumiwa kifungo cha miezi mitano na kutoka mwezi Mei. Upande wa wanaume, basi, kuna simulizi, kuna majina, kuna hata timu ya mpira. Upande wa wanawake kuna ukimya.

Wenzetu waliuvunja zamani. Uingereza ilikuwa na Within These Walls tangu 1974, tamthilia iliyomfuata zaidi mkuu wa gereza. Waaustralia wakaja na wazo lililobadilisha mambo: Prisoner, iliyoanza 1979 na kufikisha vipindi 692 hadi ilipokoma 1986, iliwaweka wafungwa wenyewe mbele ya kamera. Wanawake wa makamo, wasiojipodoa, wenye hasira na mizaha yao, wakawa nyota wa televisheni katika enzi ambayo mwanamke wa tamthilia alipaswa kwanza kupendeza. Mwaka 2013 hadithi hiyo ilifufuliwa kwa jina la Wentworth. Bea Smith, mke aliyepigwa na mumewe mpaka akajaribu kumuua, anaingia jela akitetemeka na mwishowe anakuwa mbabe wa wafungwa wote. Waturuki, ambao tamthilia zao tumezizoea sebuleni, waliitengeneza upya mwaka 2018 wakaiita Avlu. Wahispania wana Vis a vis. Karibu nasi kabisa ni Lockdown ya Afrika Kusini, iliyotengenezwa na Mandla N na kuanza Mzansi Magic mwaka 2017. Hiyo ilithubutu kuonyesha jela ya wanawake Waafrika, wakizungumza lugha zao, na ndani yake Lorcia Cooper alinyoa kichwa akawa Tyson, mfungwa ambaye ukimwona mara moja humsahau.

Nimezipenda nyingi kati ya hizo. Hata hivyo injini yake ni moja: nani atakuwa mbabe wa bloku, nani anaingiza dawa za kulevya, nani atachomwa kisu kabla msimu haujaisha. Injini hiyo tukiihamishia kwetu kama ilivyo, tutapata nakala ya Wentworth iliyovaa kanga. Drama ya gereza la wanawake katika Nyanda za Juu Kusini iko mahali pengine, na ili kuiona inabidi kuanzia nje ya ukuta, mahakamani.

Karandinga linaegeshwa kinyumenyume kwenye mlango wa mahabusu ya mahakama. Wanaume wanashuka kwanza, wengi, mikono ikiwa na pingu wawili wawili. Wanawake ni wachache na hushuka mwishoni, kanga mabegani, sendo miguuni, askari wa kike pembeni. Kama ni mwezi wa saba, na ni Iringa au Mbeya, kila pumzi inatoka na mvuke, na anayejua baridi ya huku atajiuliza sakafu ya selo ilikuwaje usiku. Mama mtu mzima aliyetoka kijijini na gari la alfajiri ananyoosha shingo. "Mwanangu, umekula?" Askari anamwambia kwa upole, "Mama, sogea kidogo, utaongea naye baadaye." Ndani, shitaka linasomwa. Likiwa la mauaji, mshitakiwa hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo, na dhamana hakuna. Wakili wa Serikali anasimama: upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Wiki mbili. Karandinga linajaa tena.

Mambo hayo yote huisha kwa dakika chache, kisha yanajirudia, na kujirudia huko ndiko kunakobomoa nyumba. Baada ya tarehe kadhaa mama mzazi anaishiwa nauli. Mume anaacha kuja, halafu habari inafika kwamba ameoa. Viazi vilivyoachwa shambani Makete vimevunwa na shemeji. Mtoto wa kwanza ameacha shule ili awalee wadogo zake. Aliyeko ndani anayapata hayo vipande vipande, kutoka kwa mahabusu mpya au kwa ndugu aliyepitia mjini kwa shughuli zake, na hana anachoweza kukifanya. Mwandishi wa tamthilia anataka mgogoro gani mkubwa kuliko huo?

Kuna suala la mtoto, ambalo tamthilia za nje huligusa na kulikimbia. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inataka wanawake watengwe na wanaume, walindwe na askari wa kike, na inaruhusu mtoto mchanga kuingia gerezani na mama yake. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2010, zinasema uamuzi wa kumtenganisha mtoto na mama yake ufuate maslahi ya mtoto. Zinasema pia mfungwa wa kike awekwe karibu na nyumbani kwao kadiri inavyowezekana. Lakini gereza la wanawake linalojulikana zaidi nchini, Kingolwira, liko Morogoro, zaidi ya kilometa 600 kutoka Mbeya. Bibi wa Rungwe anayetaka kumwona mjukuu aliyezaliwa gerezani huko apige hesabu ya basi la kwenda na kurudi, ya malazi, na ya ndizi za kubeba. Kisha iko siku ambayo mtoto yule anakua na lazima atoke. Anakabidhiwa shangazi asiyemjua, kwenye ofisi ya gereza, huku mama akiangalia. Waandishi wa Wentworth walikuwa na vipindi mia moja vya kujaza. Tukio hilo moja lingewatosha kwa msimu mzima.

Kwenye Orange Is the New Black, iliyoonyeshwa kati ya 2013 na 2019, kuna ufundi mmoja ambao ningewasihi watunzi wetu wauchukue. Ilitokana na kitabu cha Piper Kerman, mwanamke aliyekaa miezi kumi na mitatu gerezani, lakini haikubaki kwake. Vipindi vyake vingi humchukua mfungwa mmoja na kurudi naye nyuma, mpaka uone alikuwa nani kabla ya namba na sare. Huku kwetu ufundi huo ungefungua milango mingi. Mama pombe wa Ipogolo aliyekamatwa na gongo baada ya msimu wa ulanzi kuisha. Binti wa kazi aliyejifungua peke yake chooni na kesho yake akashitakiwa kwa kuua kichanga. Mke aliyevumilia kipigo miaka mingi mpaka usiku mmoja akashika mchi. Karani aliyetia saini hundi alizoletewa na bosi wake. Hao si wababe wa bloku. Ni watu tunaosali nao kanisa moja, na nusu ya kila kipindi ingechezwa nyumbani kwao, milimani, ambako kamera yoyote ingefurahi kwenda.

Tanzania iliwahi kufuatilia hadithi ya namna hii, ila kwa magazeti. Aprili 2012, baada ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, Lulu, alipelekwa gereza la Segerea akiwa bado binti mdogo, na mabishano kuhusu umri wake yakachukua miezi. Alipata dhamana Januari 2013 baada ya shitaka kubadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Novemba 2017 akahukumiwa miaka miwili, na Mei 2018 akatoka kumalizia kifungo cha nje. Nchi nzima ilijua alivaa nini kila alipofika mahakamani. Siku zilizokuwa katikati ya tarehe hazikuwa na msimulizi. Na kabla yake, miaka mingi nyuma, Bibi Titi Mohamed, mama wa harakati za uhuru, alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini iliyoanza 1970, akaachiwa 1972. Mtaa mkubwa wa Dar es Salaam una jina lake. Tamthilia ya miaka yake gerezani hatuna.

Uganda wana hadithi ambayo nashangaa haijawa tamthilia ndefu. Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002. Jina lake likaongoza shauri la zaidi ya wafungwa mia nne, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima. Akasomea sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa ndani ya gereza la Luzira, akatoka Januari 2016. Kwetu adhabu hiyo kwa kosa la mauaji bado ni ya lazima, ingawa mtu wa mwisho kunyongwa ni wa mwaka 1994. Mwanamke aliyehukumiwa hivyo haijui kesho yake. Aprili 26 na Desemba 9, redio inapotangaza msamaha wa Rais, wenzake wenye makosa mengine wanahesabu miezi iliyopunguzwa. Yeye anawasikiliza wakihesabu.

Watayarishaji niliowahi kuzungumza nao hutaja vibali. Ni kweli, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali, na hakuna atakayeingiza kamera Ruanda kwa kubisha hodi tu. Lakini hata kati ya wakubwa wapo ambao hawakupiga picha jela. Ukuta wa gereza la Prisoner ulikuwa jengo lenyewe la studio, huko Nunawading, Melbourne. Sehemu za ndani za Orange Is the New Black zilijengwa studio jijini New York, na za nje zilipigwa kwenye hospitali ya watoto iliyokuwa imefungwa. Iringa na Mbeya hazina uhaba wa maghala ya zamani na mabweni ya matofali yaliyoachwa. Fundi seremala na lita chache za rangi vitatosha kwa selo. Kinachohitaji kazi ni maandishi, na malighafi yake iko wazi: Mahakama Kuu ina kanda Mbeya na kanda Iringa, kesi zake husikilizwa hadharani, na hukumu zake nyingi zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ndani yake kuna maelezo ya usiku wa tukio, jirani alisikia nini, mshitakiwa alisema nini alipofika kwa balozi wa nyumba kumi. Mtunzi wa Kihesa au Uyole mwenye simu na bando la usiku anaweza kuanza kuzisoma leo.