Mnyama Atokwaye na Udenda

Huku Chunya nyumba nyingi zina mbwa wa kulinda, na wako wenye mazizi ya ng'ombe. Mara kwa mara twaona mnyama akitokwa na udenda, asiweze kula. Mwenyewe hufanya nini? Humshika taya, akatia mkono kinywani kutafuta mfupa. Jambo hili lina hatari kubwa, nasi twapenda lifahamike.

Kweli, mfupa huweza kukwama kati ya magego. Tena mbwa, mwenye meno 42, huota ukoga kama sisi. Ukoga ukikaa sana huwa mgumu kama jiwe. Ufizi huvimba na kutoka damu, pumzi hunuka, mwisho jino hulegea. Lakini ugonjwa huo huja polepole.

Ng'ombe naye hana meno ya mbele ya juu kabisa; ana manane ya chini tu na ufizi mgumu juu yake. (Mgeni wa mifugo asidhani yameng'oka!) Ukiona malengelenge ulimini na kwenye ufizi, na mnyama anachechemea kwa vidonda vya kwatoni, basi huo ni ugonjwa wa miguu na midomo. Hauishii kwa ng'ombe mmoja. Baada ya siku chache wenziwe hushikwa. Wako wanaousugua ulimi kwa magadi. Sisi twaona ni kumwongezea mnyama maumivu. Mpe majani laini na maji safi, usimpeleke mnadani, na afisa mifugo apewe habari upesi.

Sasa tuseme la tatu. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia na kuuma watu. Mwingine hunyamaza, taya la chini hulegea, koo hushindwa kumeza, na udenda humtoka. Kwa macho ni kama aliyekwamwa na mfupa. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa wa namna hiyo naye huonekana kama aliyesongwa, hulia kwa sauti iliyobadilika. Sumu ya ugonjwa imo katika mate yenyewe, nayo hupita katika mchubuko mdogo wa kidole. Dalili zikiisha kumtokea mtu, hakuna dawa ya kumponya.

Kwa hiyo usitie mkono. Mfungie mnyama mahali peke yake, watoto wakae mbali, kisha umwite afisa mifugo. Aliyeumwa au kupakwa mate penye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku ile ile akachanjwe, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa. Ng'ombe aliyekufa kwa kichaa asichunwe, na nyama yake isiliwe.

Kisiwani Pemba ugonjwa huu ulizuiwa kwa kuchanja mbwa. Uliporudi mwaka 2016, ulizuiwa tena kwa njia ile ile. Inatosha mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ili usienee. Siku ya chanjo wapelekeni wote, hata watoto wa mbwa wasiachwe nyumbani.