Kuoa au Kuolewa Ng'ambo: Karatasi za Kutayarisha Ukiwa Bado Nyumbani

Siku hizi ni vigumu kupata kijiji Meru au Embu ambacho hakina mtu wake ng'ambo, awe anasoma, anauguza wagonjwa au anaendesha lori. Baadhi yao hupata wachumba huko, na wengine huku nyumbani huchumbiwa na wageni. Harusi ikipangwa kufanyika nje ya nchi, swali la kwanza la ofisi ya huko huwa ni hili: una ushahidi gani kwamba huna mke au mume mwingine?

Kwa Mkenya, ushahidi huo ni cheti cha kukosa pingamizi la ndoa, kinachotolewa na Msajili wa Ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Serikali ya kaunti haikitoi. Msajili wa Ndoa yuko chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, yenye makao yake Sheria House, Nairobi, na maombi huanzia kwenye eCitizen. Chifu anaweza kukuandikia barua ya kukutambulisha, lakini barua hiyo haichukui nafasi ya cheti.

Mwombaji hutakiwa kuwa na kitambulisho au pasipoti, cheti cha kuzaliwa, picha, na hati ya kiapo inayoeleza hali yake ya ndoa. Aliyewahi kuachana na mwenzake kisheria huleta hukumu ya mwisho ya talaka kutoka mahakamani. Mjane huleta cheti cha kifo cha mwenzake.

Hati ya kiapo ndiyo inayochukuliwa kwa wepesi kuliko zote. Mtu huingia kwa wakili, analipa, anatia sahihi kwamba hajawahi kuoa wala kuolewa, kisha anaenda zake. Je, ile ruracio ya miaka minane iliyopita?

Wengi huamini kwamba ndoa ambayo haikuandikishwa si ndoa. Sheria haisemi hivyo. Ndoa ya kimila inatambuliwa nchini Kenya sawa na ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu na ile ya kiserikali. Sheria inasema pia kwamba pale ambapo mahari inahitajika ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo tu cha ishara kinatosha. Kwa hiyo kama wazee walikutana, mahari ikaanza kutolewa na mkaanza maisha, mahakama inaweza kukuhesabu kuwa umeoa au umeolewa, hata kama ng'ombe waliobaki hawakufika na hakuna cheti kilichochukuliwa. Na aliye katika ndoa ya kimila haruhusiwi kufunga na mtu mwingine ndoa ya mke mmoja mume mmoja, ambayo ndiyo aina inayofungishwa katika nchi nyingi za ng'ambo. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na ndoa iliyojengwa juu ya kiapo hicho inaweza kubatilishwa wakati tayari una watoto na makao ugenini.

Waliokaa pamoja tu bila mahari wako katika hali tofauti. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kudhania kuwepo kwa ndoa kwa sababu watu wameishi pamoja ni jambo la kufanywa kwa nadra, na kwa ushahidi wa kutosha. Hata hivyo, usiamue mwenyewe. Mweleze wakili historia yote, pamoja na sehemu unazoona aibu kuzitaja, kabla hujatia sahihi.

Na kama ndoa ya kimila ilivunjika? Kurudisha mahari au kukaa na wazee hakutoshi. Wazee, wakiwemo wa Njuri Ncheke kwa upande wa Meru, wanaweza kuwasikiliza wanandoa, na sheria inawatambua wasuluhishi wa kimila kiasi cha kutaka wapeleke ripoti yao mahakamani. Lakini anayevunja ndoa ni hakimu. Anayetarajia kufunga ndoa ng'ambo mwakani na ana jambo la aina hii, aende sasa katika mahakama ya Meru, Embu au iliyo karibu naye. Kesi haingojei tarehe ya harusi.

Tatizo la pili ni majina, na hapa Meru tuna letu la pekee. Baba ameandikwa M'Mugambi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mmugambi kwenye kitambulisho, na Mugambi kwenye pasipoti. Gatwiri wa shuleni ni Gatuiri wa kanisani. Sisi tunajua ni mtu yule yule. Karani wa Ujerumani anaona watu wawili. Linganisha herufi kwa herufi kabla ya kuomba chochote, na urekebishe kwenye ofisi za usajili wa raia au kupitia Kituo cha Huduma. Jina likiwa limebadilika kabisa, wakili atakueleza namna ya kusajili hati ya kubadilisha jina. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze na hicho, kwa kuwa uzazi usioandikishwa ndani ya miezi 6 huhesabika kuwa umechelewa na maswali huongezeka.

Cheti kikishatoka, kwa kawaida hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, kuthibitishwa, kisha ubalozi wa nchi unakokwenda. Usikichukue mapema mno, kwani nchi nyingi hukubali kilichotolewa ndani ya miezi michache tu.

Kutoka hapo kila nchi ina mambo yake. Ujerumani huchunguza hati za Kenya kwa undani, na mchunguzi anaweza kuuliza ofisini, shuleni na hata kwa majirani. Ile ruracio uliyoisahau hujulikana hapo. Anayehamia huko kumfuata mwenzi hutakiwa pia kujua Kijerumani cha kiwango cha A1. Marekani ina viza ya wachumba, na ukiingia nayo lazima mfunge ndoa ndani ya siku 90, na yule yule aliyekuombea. Uingereza huangalia kipato: tangu Aprili 2024 anayemwita mwenzi wake kwa mara ya kwanza anatakiwa kuonyesha, kwa kawaida, pauni 29,000 kwa mwaka, na Mkenya hupimwa kifua kikuu kabla ya kupewa viza. Ukiambiwa na wakala kwamba haya yote anaweza kuyaruka, mwache. Pasipoti yako halisi usimwachie mtu wa kati, na malipo ya serikali yapite eCitizen, Paybill 222222, wala si simu ya mtu binafsi.

Wanaofunga ndoa hapa na mgeni wana kazi iliyo nyepesi kidogo. Mgeni ndiye anayeleta cheti cha kukosa pingamizi kutoka kwao, na kwa ndoa ya kiserikali taarifa hutolewa kwa Msajili angalau siku 21 kabla.

Ndoa iliyofungwa ng'ambo kwa kufuata sheria za huko inatambuliwa Kenya, mradi haipingani na sheria yetu. Rudi na cheti, na kama kiko kwa lugha ya kigeni kipate tafsiri rasmi, kisha uombe kisajiliwe kwa Msajili wa Ndoa. Watu huliacha hili hadi mmoja anapofariki, na hapo mjane hujikuta akibishana na mashemeji kuhusu shamba bila karatasi mkononi.

Uraia wako hauupotezi kwa kuolewa wala kwa talaka. Katiba inasema hivyo. Mtoto wenu, popote atakapozaliwa, ni Mkenya ikiwa mmoja wenu ni Mkenya. Mwenzi wako mgeni anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 ya ndoa, na uraia baada ya miaka 7. Kabla ya hapo, ardhi anaweza kuimiliki kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99, kwa hiyo mkinunua ploti Nkubu au Runyenjes ulizeni kwanza jina la nani litaandikwa kwenye hati.